Nguo za Mimba Changa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, kwa Wanawake wa Lamu na Malindi

Baina ya mwezi wa pili na wa nne wa mimba huwa kuna kipindi kigumu cha mavazi: nguo za kila siku zishaanza kukataa, na nguo za uja uzito bado zinakupwaya. Majibu haya ni ya kipindi hicho tu, tangu kama wiki ya 5 hadi kuelekea wiki ya 16 au 18. Yameandikwa kwa mwanamke wa pwani mwenye dera, leso na buibui kabatini, pengine na sketi ya kazini, asiyetaka kutoa pesa kwa nguo atakazovaa wiki chache tu.

Mimba ina wiki 7 tu. Mbona sketi haifungi?

Kinachojaza kiuno wakati huo si mtoto. Mtoto wa wiki 7 ana urefu wa kama sentimita 1, na mji wa mimba bado umekaa ndani ya mifupa ya nyonga; hautokezi juu ya kinena mpaka karibu wiki ya 12. Kinachokufura ni gesi na choo kinachokwenda taratibu. Homoni ya projesteroni huongezeka ili kuutuliza mji wa mimba, lakini hulegeza pia misuli ya utumbo, chakula kikakawia njiani. Ndiyo maana sketi hufunga saa 2 asubuhi na kugoma saa 12 jioni.

Kwa hivyo usipime kiuno asubuhi. Kila kipimo kinachotajwa hapa kichukuliwe jioni, baada ya kula, ukiwa umekaa. Nguo iliyopimwa asubuhi ukiwa umesimama itakuumiza kuanzia adhuhuri.

Kwa nini nisinunue nguo za uja uzito mara moja?

Kwa sababu zimekatwa kwa umbo ambalo hujalipata. Kitambaa cha ziada kiko mbele, na bila tumbo kinaning'inia. Suruali yenye kipande laini cha tumboni haina pa kushika, hivyo hushuka kila ukipiga hatua. Pia hujui utakuwa wa saizi gani. Miezi mitatu ya kwanza wengi huongezeka kilo 0.5 hadi 2 tu, na wengine hupungua kwa sababu ya kutapika. Ukinunua sasa unabahatisha.

Sehemu mbili tu za mwili ndizo zinazodai nafasi mapema: kiuno na kifua. Mabega, mikono na mapaja bado ni yaleyale. Shughulikia hizo mbili, uache kabati lililobaki kama lilivyo.

Navaa dera kila siku, nguo pana kuliko zote. Mbona bado nahisi kubanwa?

Hili ndilo swali linalofaa kuulizwa kwanza pwani, na jibu lake liko ndani ya dera. Dera halikubani. Linalokubana ni gaguro la chini. Dera la kitambaa chepesi huonyesha, kwa hivyo huvaliwa na gaguro, na magaguro mengi ya dukani yana lastiki nyembamba isiyofika hata sentimita 1. Lastiki nyembamba huweka nguvu yote kwenye mstari mmoja, hasa pale tumbo linapofura. Ukikaa, mstari huo hubonyeza tumbo, asidi ikapanda kooni. Kiungulia cha baada ya chakula cha mchana wakati mwingine dawa yake ya kwanza ni kufungua gaguro.

Jipime hivi: jioni, ingiza vidole viwili chini ya lastiki. Visipoingia kwa raha, imebana. Au livue gaguro, na nusu saa baadaye utazame ngozi. Ikiwa alama ya mstari bado ipo, imebana sana.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuacha gaguro kabisa, uvae shumizi ndefu ya pamba yenye mikanda ya mabega. Shumizi haina kiuno, uzito wake unabebwa na mabega. Mbili au tatu za kubadilisha zinatosha wiki nzima, maana pamba nyembamba hukauka upesi.

Ukitaka kubaki na gaguro, fumua sentimita 3 za mshono wa ndani ya mfereji wa lastiki, karibu na mshono wa ubavuni. Ivute lastiki nje kidogo, ikate, uunge kipande cha sentimita 8 hadi 10 cha upana uleule. Vipande vipandiane sentimita 2 na vishonwe bapa, mishono miwili ya kukatana. Usifunge fundo. Fundo likikaa kwenye kiuno huchoma kama kijiwe, na mfereji hukataa kulipitisha. Kilicho bora zaidi ni kuitoa lastiki yote na kupitisha kamba ya pamba bapa, kama ya suruali za kulalia. Fungia pini kwenye ncha ya kamba ndipo uisukume ndani ya mfereji. Kamba ina uzuri ambao lastiki haina: asubuhi unaifunga, jioni unailegeza bila mtu kujua. Acha matundu ya kutokea kamba yawe ubavuni, si mbele, ili fundo lisikae juu ya tumbo.

Na leso? Nifunge vipi isinibane?

Leso moja ina upana wa kama mita 1.5 na kimo cha kama mita 1.1. Mwenye nyonga za sentimita 100 anabakiwa na kama sentimita 50 za kupandiana, na huo ndio mtaji wako: hakuna nguo nyingine nyumbani yenye nafasi ya kukua namna hiyo.

Kosa ni pahali pa kufungia. Wengi wamezoea kuifunga kiunoni penyewe, na ukiwa na kazi ya jikoni unaikaza kibwebwe. Mimba ikiwa changa, acha kibwebwe. Shusha ukingo wa juu wa leso mpaka kwenye mifupa ya nyonga, chini ya pale tumbo linapofura. Izungushe, upande wa juu uuishilize ubavuni, kisha uukunje ukingo kwa nje mara mbili au tatu uwe kama mkunjo mnene. Mkunjo hushika bila fundo. Ukiteleza, sababu kwa kawaida ni leso mpya yenye wanga au nguo ya ndani ya nailoni. Iloweke leso usiku kucha, uifue peke yake kwa sababu rangi hutoka, na itashika.

Kufungia kifuani, chini ya kwapa, hakufai kwa wengi wakati huu kwa sababu matiti yanauma yakiguswa. Badala yake ipitishe leso mgongoni chini ya kwapa, lete ncha mbili za juu mbele, zikatanishe, uzifunge nyuma ya shingo. Kiuno hakiguswi, kifua hakikazwi.

Neno dogo kwa wanaotaka siri: angalia jina la leso, yale maneno yaliyochapwa juu yake. Mwanamke wa Lamu husoma jina kabla ya kutazama maua, na leso yenye jina la kutaja mtoto au neema mpya itakusemea kabla hujasema.

Kazini nalazimika kuvaa sketi au suruali ya kifungo. Nifanyeje?

Walimu, wauguzi, wafanyakazi wa benki na wa hoteli za Malindi na Watamu wako hapa. Mbinu ya kuanzia ni mpira wa nywele, ule mnene uliofunikwa kwa kitambaa, usio na kipande cha chuma.

Upitishe nusu ya mpira ndani ya tundu la kifungo. Chukua upande mmoja, uuingize ndani ya kitanzi cha upande wa pili, uvute mpaka ukaze kwenye tundu. Upande uliobaki uvute uutie kwenye kifungo. Umepata nafasi ya sentimita 3 hadi 5, na nafasi hiyo inaongezeka ukikaa na kupungua ukisimama.

Mambo matatu huharibika. La kwanza, zipu hushuka yenyewe, kwa sababu juu haina cha kuizuia. Tia kipete kidogo cha funguo kwenye kichwa cha zipu, ukiangike kwenye kifungo kabla ya kuweka mpira. La pili, kifungo hung'oka, maana mpira unakivuta siku nzima kwa upande mmoja. Kishone upya kwa uzi wa kukunja mara mbili kabla ya kuanza, si baada ya kukiokota sakafuni mbele ya darasa. La tatu, uwazi wa zipu huonekana. Shati liwe refu la kupita nyonga, na lisiwe la kuchomekwa.

Kwa anayelazimika kuchomeka, kuna mshipi wa tisheti. Tafuta kwenye mitumba tisheti ya kubana yenye kitambaa cha kunyumbuka. Ikate kwa kulala, chini ya kwapa, upate kipande cha mviringo. Kikunje kati kiwe tabaka mbili, kivae juu ya sketi iliyo wazi, kishike kiuno na nyonga. Kitafunika zipu na kuizuia sketi isishuke. Tisheti ya pamba tupu hulegea kufikia adhuhuri na kujikunja juu. Ndiyo maana tunasisitiza kitambaa cha kunyumbuka. Lakini kisibane. Kazi yake ni kufunika, na kile kipimo cha vidole viwili kinahusu hapa pia.

Sketi yenye zipu nyuma na kulabu badala ya kifungo haina tundu la kupitisha mpira. Hiyo shonea kipande cha lastiki pana ya sentimita 2.5, urefu wa sentimita 4, kulabu upande mmoja na jicho upande wa pili, kikawa daraja baina ya ncha mbili za kiuno. Koti au mtandio utafunika nyuma.

Fundi anaweza kuipanua sketi yangu bila kuiharibu?

Anaweza, na ukimweleza vizuri kazi hiyo itarudishwa baada ya kuzaa. Mwambie asikate kitambaa cha sketi, afumue tu.

Kwanza atazame akiba ya kitambaa iliyo ndani ya mishono ya ubavuni. Nguo ya fundi mara nyingi ina akiba ya sentimita 2 au 3 kila upande. Nguo ya dukani ina kama 1, haitoshi kitu. Akiba isipotosha, atie kipande cha pembetatu kila ubavu. Afumue mshono kuanzia kiunoni kwenda chini sentimita 18 hadi 20, kisha aingize pembetatu ya kitambaa cha kunyumbuka yenye upana wa sentimita 5 juu na ncha chini. Kila upande wa pembetatu aongeze sentimita 1.5 za mshono. Pande mbili zikikamilika, kiuno kimeongezeka sentimita 10, na bado kitambaa kinavutika.

Makosa ya kazi hii yanajulikana. Fundi mwenye haraka hutia kipande kimoja kikubwa mbele au nyuma. Sketi hukaa upande na upindo hupanda. Mwingine hutumia kitambaa kigumu cha suti, faida ya kunyumbuka ikapotea. Na ncha ya pembetatu ikishonwa kupita mwisho wake, hutokea mkunjo mdogo kwenye nyonga usiotoka kwa pasi. Mwambie asimame hasa kwenye ncha, akate uzi, ageuze upande wa pili.

Sare ni mali ya mwajiri? Uliza kabla ya kufumua. Na usingoje Shaabani au Ramadhani: mafundi wa mji wote wako kwenye nguo za Idi, na kazi ya kufumua huwekwa chini ya rundo.

Ukishonesha nguo mpya ya kitenge wakati huu, omba mambo mawili tu: mshono wa kati ukae chini ya matiti badala ya kiunoni, na akiba ya sentimita 4 kila ubavu.

Matiti yanauma na sidiria inakata. Ninunue saizi gani?

Kwa wengi matiti ndiyo ya kwanza kubadilika, hata kabla ya kukosa hedhi au wiki chache baadaye. Yanajaa damu, vifereji vya maziwa vinaanza kukua, ngozi inavutika. Sidiria yenye ukubwa wa zamani inakata chini ya kwapa na kuacha titi likimwagika juu ya kikombe.

Jipime kwa tepu ya fundi. Kipimo cha kwanza ni kuzunguka mbavu chini ya matiti, tepu ikiwa imeshika bila kukaza. Cha pili ni kupitia pale palipojaa zaidi, tepu ikilala tu. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo ukubwa wa kikombe: kila sentimita 2.5 ni kikombe kimoja.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawasemi. Siku za kawaida sidiria mpya hununuliwa ikae vizuri kwenye safu ya nje ya majicho, ili ikilegea ukaze. Mwenye mimba afanye kinyume: achague inayomkaa kwenye safu ya ndani, iliyokaza zaidi, kwa sababu mbavu zake zitatanuka na atahitaji kulegeza. Tafuta yenye safu tatu, na nunua mbili tu. Kabla ya mwezi wa tano huenda ukabadilisha tena.

Ikiwa kikombe kinatosha na ni mgongo tu unaobana, huhitaji sidiria mpya. Chukua sidiria kuukuu, ikate ncha mbili za nyuma, yenye kulabu na yenye majicho, uziunganishe kwa mshono imara. Umepata kiungo cha kuongezea mgongo. Idadi ya kulabu ilingane: sidiria ya kulabu mbili haipokei kiungo cha kulabu tatu.

Waya wa chini haujathibitishwa kudhuru, lakini titi linalokua hupanda juu ya waya, na hapo ndipo panapouma. Isiyo na waya ina raha zaidi. Usiku, fulana ya pamba iliyoshika kidogo inatosha. Jasho chini ya matiti wakati wa kaskazi ni chanzo cha vipele: weka kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa, ukibadilishe kinapolowa, na uache poda za manukato.

Chupi?

Pamba, za kukaa chini ya tumbo, na nyingi za kutosha kubadilisha mara mbili kwa siku. Ute mweupe au wa rangi ya maziwa huongezeka kwenye mimba, nalo ni jambo la kawaida. Pia fangasi hupata nafasi zaidi, na nailoni pamoja na unyevu wa pwani huzidisha.

Kuna desturi inayohitaji kurekebishwa kidogo. Kwa kuona haya, chupi huanikwa chumbani au chini ya nguo nzito, hazikauki vizuri, zikavaliwa zikiwa na unyevu. Zianike juani, uzifunike kwa leso nyembamba. Haya imebaki, na upepo unapita.

Ukiwashwa, ute ukawa wa kijani au wenye harufu kali, au ukaona damu, nenda kliniki. Hilo nguo haitatibu.

Jua la kaskazi na buibui jeusi: nitavumiliaje?

Mimba changa hushusha shinikizo la damu kwa sababu mishipa hulegea, na mwili wenyewe huwa na joto kuliko kawaida. Ukiongeza kitambaa cheusi cha poliesta na jua la Januari, kizunguzungu hakiko mbali. Buibui lenyewe si tatizo kubwa. Ni pana na linapitisha hewa upepo ukivuma. Tatizo ni kinachovaliwa chini yake. Suruali ya jinzi na tisheti chini ya buibui ni tabaka mbili nzito zisizoonekana na mtu yeyote. Chini ya buibui lisiloonyesha, shumizi ya pamba na suruali nyembamba ya kamba zinatosha, na kwa safari fupi ya sokoni shumizi peke yake.

Kitambaa cha buibui kiwe chepesi cha kuanguka, kisichoshika ngozi. Mtandio uwe wa pamba au voili. Hariri bandia huteleza, nawe ukaikaza kwa pini chini ya kidevu, na mwenye kichefuchefu hataki kitu kinachogusa koo. Uzungushe mlegevu, ubane begani badala ya shingoni. Anayevaa ninja, kile kitambaa cha kufunika uso, achague ya kuinuliwa kwa mkono mmoja, abebe ya pili mkobani pamoja na kikopo chenye kifuniko, kwa sababu matapishi hayangoji ufike nyumbani.

Sitaki watu wajue bado. Naweza kujifunga mkaja tumbo lisionekane?

Hapana. Mkaja ni wa baada ya kuzaa. Tumbo la mimba halifungwi, liwe changa au pevu. Mji wa mimba wa wiki za mwanzo umelindwa na mifupa ya nyonga, kwa hivyo siku moja ya suruali ya kubana haimdhuru mtoto, na aliyevaa jinzi kabla ya kujua ana mimba asijilaumu. Lakini kujikaza makusudi kila siku kunaleta kiungulia, kichefuchefu kinachozidi, pumzi fupi na ngozi iliyochubuka, na kadiri wiki zinavyokwenda hakuna sababu yoyote ya kumkazia mtoto mahali pake.

Kutaka siri ni haki yako. Wengi hawatangazi mpaka miezi mitatu ipite, kwa kuogopa kijicho au kwa sababu mimba changa huweza kuharibika, na hakuna wa kukulaumu. Ila fahamu kinachomfichua mtu. Mara chache ni tumbo. Ni kubadilika ghafla: aliyekuwa mvaaji wa sketi za kubana akaonekana na madera wiki nzima. Badilisha nguo moja baada ya nyingine, uanze mapema. Vaa maua makubwa na rangi za kuchanganya badala ya rangi moja inayong'aa, kwani kitambaa cheupe au cha satini huonyesha kila mwinuko. Na uzuie mkono usitue tumboni.

Harusi ndiyo mtihani, maana ukumbini wanawake huvua mabuibui na gauni ni la kubana. Chagua gauni lenye mshono chini ya matiti, au lenye kitambaa cha juu kinachoanguka wazi mbele. Shali la kutupia begani likishuka mbele ya kiuno linafunika kazi yote. Usivae gauni lililotiwa vijiti vigumu vya kukaza kiuno, hata kwa usiku mmoja. Kesha ni refu, pilau ni nyingi, na saa 5 usiku utatafuta pa kulifungua.

Nguo zangu safi zinanitia kichefuchefu. Inawezekana?

Inawezekana sana. Kwa wengi kichefuchefu huanza karibu wiki ya 6, hukolea wiki ya 8 hadi 10, na hupungua baada ya wiki ya 12 au 14. Muda huo pua hukamata kila kitu, na nguo zetu hufukizwa udi, hupakwa mafuta, huwekwa na asumini. Kitambaa kinene huhifadhi moshi wa udi kwa majuma. Toa nguo chache za wiki hizo, zifue kwa sabuni ya mche isiyo na manukato, suuza maji matatu, zianike juani, uzihifadhi mbali na kabati la nguo zilizofukizwa. Mtandio ndio wa kutangulia kufuliwa, kwa sababu uko karibu na pua. Mume naye anaweza kuombwa aache mafuta ya kujipaka kwa muda. Ni ombi dogo.

Nivae nini siku ya kliniki?

Vipande viwili, si dera refu la kipande kimoja. Utapimwa shinikizo la damu mkononi, utatolewa damu, na tumbo la chini litaguswa. Dera la mikono ya kubana huishia kuvuliwa lote. Blauzi yenye mikono mipana ya kupandisha juu ya kiwiko na sketi ya kamba hufungua sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Juu yake tupia buibui la kufunguka mbele. Chukua leso moja mkobani ya kujifunika mapaja.

Picha ya mapema ya tumbo mara nyingi hutaka kibofu kilichojaa, na hapo kiuno chenye lastiki ni mateso ya kweli. Legeza kamba kabla ya kunywa maji. Nenda mapema, kabla ya wiki ya 12 ikiwezekana, na usichelewe kwa kuona haya mavazi: mficha uchi hazai. Wauguzi hawaangalii nguo.

Boti, bodaboda, tuktuk: kuna la kuchunga?

Kuna, na ni upindo. Ukipanda boti kwenye gati la Lamu au Mokowe, shika nguo zote mkono mmoja juu ya kifundo cha mguu na mkono wa pili upewe mtu. Wengi huanguka kwa kukanyaga buibui lao wenyewe kwenye ukingo uliolowa. Jaketi la kujiokolea lifungwe hata kama matiti yanauma. Legeza mkanda wa kifuani kidogo, usiuache wazi.

Malindi, chagua tuktuk. Buibui, mtandio au ncha ya leso ikiingia kwenye gurudumu la bodaboda humvuta mtu chini kwa nguvu asiyoweza kuishinda, na kukaa upande mmoja kunapunguza uwezo wa kujishika. Ikibidi upande, nguo zote zikusanywe na kukaliwa. Kwenye gari lenye mkanda, mkanda wa chini upite juu ya mapaja na mifupa ya nyonga, chini ya tumbo, bila fundo la leso katikati.

Safari ndefu ya basi kutoka Mokowe: kamba ya kiuno ilegezwe, soksi zisiwe na lastiki ya kukata, na miguu ikunjwe na kunyooshwa mara kwa mara, maana damu ya mjamzito huganda kwa urahisi zaidi.

Viatu?

Makubadhi au champali zenye mkanda wa nyuma. Kandambili huteleza kwenye ngazi za mawe na kwenye vichochoro vilivyolowa. Kisigino kirefu kipumzike.

Ni lini si suala la nguo?

Damu yoyote ukeni. Maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, au yanayofuatana na kuzirai au maumivu ya bega: hayo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kutapika kusikobakisha hata maji. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Homa. Usilegeze nguo ukangoja.

Na nguo za uja uzito zenyewe, lini?

Tumbo likiwa gumu na lenye ukubwa uleule asubuhi na jioni, gesi imeondoka na mimba imejitokeza. Kwa mimba ya kwanza ni kawaida baina ya wiki ya 16 na 20. Waliozaa kabla huona mapema zaidi, kwa kuwa misuli ya tumbo ilishavutika. Dalili nyingine ziko kwenye nguo: mpira wa nywele umevutika mpaka mwisho, zipu inabaki wazi zaidi ya sentimita 6, au mshipi wa tisheti unapanda juu.

Hapo nunua suruali au sketi moja ya kazini yenye kipande laini cha tumboni, na sidiria mbili. Madera yataendelea. Ila gaguro ulilolitia kamba usilirudishie lastiki: siku arubaini za uzazi bado zinakuja, na tumbo la wakati huo halipendi kukatwa na mstari mwembamba.